Pumzi Nilizozikata

Mama wa mwimbaji wangu alikuja studio Kisugu siku ya nne baada ya dua ya arobaini ya mwanawe. Alitembea kwa miguu kutoka Nsambya, juani, akiwa amejitanda shuka lake la rangi ya machungwa, na alipofika alikataa maji, akakataa na kiti. Alitaka kitu kimoja tu.

"Mimi nataka sikia sauti ya mutoto yangu," aliniambia. "Yeye peke yake. Ile makelele yenu toa."

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu tulipomzika binti yake sikuwa na la kufanya zaidi ya kushika shavu, na sasa nilikuwa nimeombwa kazi ninayoijua kuliko watu wengi Kampala. Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa bendi yake, na prodyuza wake pia. Maana yake ni kwamba nilitafuta pa kupiga, nilibeba spika, niligombana na wenye baa, kisha nikakaa mbele ya kompyuta na kuzisafisha nyimbo zao mpaka zikaridhisha masikio yangu. Na masikio yangu hayaridhiki upesi. Kabla sijasema mama yule aliniambia nini baada ya kusikiliza, inabidi niseme masikio hayo niliyatoa wapi.

Baba yangu alipuliza tarumbeta katika bendi ya polisi. Aliletwa Kampala kutoka kaskazini akiwa kijana mwembamba, na sisi wanawe tukazaliwa katika nyumba za polisi Nsambya, familia nzima chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Watu wengi wa mji huu wanakiogopa Kiswahili kwa sababu kwao kilikuja na bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya kuitwa kula. Kambi ilijaa makabila ya kaskazini na Wanubi na watu wa kila mahali, na Kiswahili chetu kilikuwa kimevunjika kila kiungo, ila kilitembea.

Baba alijaribu kunifundisha tarumbeta. Alisimama nyuma yangu amefumba macho, kijiko mkononi, na kila aliponisikia navuta pumzi alinigonga kichwani. Kosa la noti aliweza kulisamehe. Pumzi hakuisamehe hata siku moja.

"Polisi hapana pumua mbele ya mukubwa!" alifoka. "Watu nakuja sikiliza muziki, hapana kuja sikiliza mapafu yako!"

Sikurithi kifua chake. Nilirithi masikio yake na hasira zake, na hivyo viwili vimenilisha mpaka leo. Muziki wa rock niliupata kwenye kanda isiyo na jalada, niliyoiokota ndani ya gari bovu katika gereji ya polisi. Nikaisikiliza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa gundi, nikaendelea. Shangazi yangu alileta wachungaji wawili waje kuniombea. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kabisa kama tumeshaanza kuchinja paka.

Kuwa meneja wa bendi ya rock Kampala ni kazi ya mtu aliyekosa washauri. Wenye baa walitaka kadongo, nyimbo za gitaa wanazozijua, na walipotukubali walituomba tupige polepole watu wapate kula. Ngoma hatukuwa nazo. Tuliziazima kanisa moja la walokole karibu na studio, kwa sababu mpiga ngoma wetu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wao. Jumamosi zilikuwa zetu, Jumapili za Bwana. Siku moja mchungaji alikuta tangazo letu lenye picha ya fuvu limesahauliwa ndani ya ngoma kubwa. Alilihubiri majuma mawili mfululizo. Lakini ngoma aliendelea kutuazima, maana mpiga ngoma alikuwa mkwe wake, na binti alikuwa mjamzito.

Mwimbaji wetu nilimjua tangu akiwa anabebwa mgongoni. Walikaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba yake alikuwa dereva wa polisi, Mnubi, mtu wa sala tano asiyepandisha sauti, na mama yake alisuka vikapu na vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi, ukuta wao wote umejaa. Mtoto alikuwa na pumu. Ilipombana, mama alimlaza mapajani, akaweka kiganja juu ya kifua chake, akafumba macho. Alikuwa anahesabu. Saa hakuwa nayo, na hakuihitaji, kwa sababu alipima kwa pumzi zake mwenyewe. Kwa pumzi moja ya mama, mtoto akivuta mbili, hapakuwa na hatari. Atapewa chai ya tangawizi na atalala. Kwa moja ya mama, mtoto akivuta tatu, shuka linatoka msumarini, mtoto anafungwa mgongoni, na mama anapanda kilima kwenda hospitali bila kumngoja mtu.

Kambi nzima ilikijua kipimo hicho. Mama yangu aliuliza kutoka mlangoni kwetu, mwiko mkononi, "Leo ngapi?" Akijibiwa "Mbili," tuliendelea kula. Akijibiwa "Tatu," aliacha sufuria na kwenda kushika watoto wengine. Mama yule alikuwa hajasoma hata darasa la pili, na sikumbuki hata mara moja aliyokosea.

Nilipomsikia binti huyo akiwa mtu mzima, alikuwa anagombana kwenye foleni ya maji. Mtu alisukuma dumu lake nyuma, naye akamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Sauti ilikuwa nzito, ina mchanga ndani yake, na ilifika mpaka barabarani. Nilisimama na mfuko wangu wa mkate, nikasema moyoni, huyo hapo. Wakati huo baba yake alikuwa ameshafariki na familia imehamia chumba cha kupanga chini kidogo ya kambi. Nilikwenda kumwomba mama ruhusa, maana kwa watu wa kambi huwezi kumchukua mtoto wa mtu ukampandisha jukwaani kama unayeokota sarafu.

Mama alisuka mzunguko mzima wa kikapu kabla hajajibu.

"Mimi naogopa ile muziki yenu," alisema. "Lakini wewe mutoto ya hapa. Nakupa yeye. Angalia kifua yake."

"Nitaangalia, Mama."

Na niliangalia. Nataka hilo lijulikane, si kwa kujitetea. Nilipiga marufuku sigara kwenye mazoezi, mpiga gitaa wetu akanuna mwezi mzima. Pampu ya dawa ya akiba ilikaa ndani ya begi la nyaya siku zote, na kabla ya kupanda jukwaani nilimtazama mpaka aivute mbele yangu. Aliniita Kaka Askari. Kwa miaka sita aliimba nasi, na mara chache sana nilimwona amebanwa. Mama yake hakuwahi kuja kutusikiliza. Kila Idi alituletea sahani kubwa ya chakula iliyofunikwa kifuniko chake cha ukindu, akauliza jambo lile lile, "Kifua yake?" Nami nikajibu, "Iko sawa, Mama."

Sasa niseme kuhusu kukata. Mtu anapoimba karibu na maiki, kila anapovuta pumzi kati ya mstari na mstari, maiki inaikamata. Kuna maprodyuza wanaoziacha pumzi hizo. Wengine huzipunguza sauti. Mimi nilizikata. Nilikaa na visikilizio masikioni, nikapita wimbo mzima nikitafuta kila mvuto, nikautoa, nikaunganisha ncha mbili mtu asijue palikuwa na kitu. Nilijulikana kwa usafi huo. Waimbaji wa injili na wa harusi walinifuata Kisugu kwa ajili yake. Sikiliza chochote nilichowahi kutengeneza. Hakuna mtu humo anayepumua. Baba aliusikiliza wimbo wetu wa kwanza akiwa amelala kitandani, mwaka aliofariki, na aliponirudishia visikilizio alisema, "Sasa wewe najua kazi." Nililia kwa furaha kule nje kwenye kamba ya nguo.

Kwa mwimbaji wangu kazi ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu kila pumzi yake ilimalizika kwa filimbi ndogo, ile ya pumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niitoe.

"Kaka Askari, hiyo toa yote," alisema mara ya kwanza alipojisikia. "Mimi sitaki watu wajue iko mugonjwa. Nani atanunua rock ya mugonjwa?"

Tukacheka. Nikatoa.

Albamu yetu ya mwisho ilikuwa na nyimbo tisa, na tulizirekodi kwa muda wa karibu mwaka mzima, magodoro yamesimamishwa ukutani, feni imezimwa isije ikasikika. Wimbo wa kwanza niliusafisha chai yangu ikiwa bado ina moto. Wa nne ulikula mchana wote. Wimbo wa tisa ulinichukua siku mbili, nikatoka na macho mekundu, nimekasirika. Pumzi zilikuwa nyingi, fupi fupi, nyingine zimeangukia katikati ya neno, na filimbi imekuwa ndefu kuliko pumzi yenyewe. Nilimpigia simu kumgombeza.

"Umeanza uvivu," nilimwambia. "Unapumua ovyo. Mstari mmoja unauvunja mara tatu."

"Nisamehe, Kaka," alisema. "Nitajirekebisha."

Neno hilo, "tatu," nililitamka kwa kinywa changu, mimi mtoto wa kambi ile, na halikunishtua. Kila wimbo ulipokamilika nilifuta mabaki yote, diski isijae. Hayo ndiyo mazoea yangu. Ukishasafisha mchele, chuya huziweki kwenye kopo.

Alifariki majuma matatu baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, nyumbani kwake Nateete, chumba alichopanga karibu na soko. Majirani walimtoa, wakampakia kwenye boda, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma wakimshikilia, na katika msongamano wa barabara ile hawakufika popote. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Sisi wa bendi tulikuwa tumetoka mazoezini na fulana zetu nyeusi zenye mafuvu, hatukupata muda wa kubadili, basi tulizivua nyuma ya ukuta wa msikiti na kuzivaa ndani nje. Hivyo ndivyo tulivyomzika, mishono ikionekana.

Ndiyo maana siku mama alipokuja studio nilifurahi. Nilimfungulia wimbo wa tisa, ulio bora kuliko yote, nikazima magitaa, besi na ngoma, ikabaki sauti yake tu, safi, kama amesimama chumbani. Nilimvalisha mama visikilizio juu ya mtandio. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haujabadilika. Nikamwekea wa nne. Katikati ya wimbo akavivua.

"Hii nani?"

"Ni yeye, Mama."

"Hapana." Aliviweka mezani taratibu, asije akaviharibu. "Hii mutu hapana pumua."

Nikamweleza. Mungu anisamehe, nilimweleza kwa fahari. Nilimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mahali palipokatwa, jinsi ncha zilivyoungwa, jinsi hata yeye mwenyewe aliyefariki alivyopenda iwe hivyo. Mama alitazama ile mistari, kisha akanitazama mimi.

"Wewe nakata pumzi ya mutoto yangu?"

"Isikike vizuri, Mama."

"Mimi nasikiliza hii pumzi toka yeye iko mudogo hivi. Hii ndiyo sauti yake. Ile kuimba ni ya watu yenu." Alijifunga mtandio upya. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Tafuta. Hata moja. Mimi nitangoja."

Akaondoka. Nilibaki nimekaa pale na kazi ya maisha yangu mbele ya macho, kazi iliyosafishwa vizuri sana.

Nilitafuta siku tatu. Nilifungua kila diski, kila kompyuta mbovu, kila simu ya mwanabendi. Kwenye simu ya mpiga gitaa kulikuwa na mazoezi tele, na makelele yetu yalikuwa yamemfunika kabisa. Katika kutafuta huko ndipo nilipoanza kuelewa kilichonipata, na sikulala vizuri tena. Mpiga ngoma hakuwahi kuisikia filimbi ile. Wasikilizaji hawakuisikia, mama yake alinyimwa. Mtu mmoja tu duniani alikuwa ameisikia ikiongezeka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa tisa, tena kwa visikilizio vizuri, tena akiirudia mara kumi kumi. Alikuwa na ushahidi wote mkononi. Aliufuta kipande kwa kipande.

Siku ya tatu nikaipata. Ilikuwa rekodi ya kujaribu maiki, siku tuliyorekodi wimbo wa tisa, isiyofika hata dakika. Waya ulikuwa na hitilafu, mimi niko chumba cha pili nahangaika nao, yeye amesimama mbele ya maiki ananingoja. Kompyuta ilikuwa imejihifadhia yenyewe mahali nisipopafikiria. Anapumua. Kiti kinalia. Anapumua tena, na tena. Anauliza, "Kaka, bado?" Halafu sauti yangu inamjibu.

Nilitaka kuikata sauti yangu. Niliileta mikasi ya kompyuta mpaka pale nilipoanzia kusema, nikaona haiwezekani, kwa sababu nilikuwa nimesema juu ya pumzi yake ya mwisho. Ningejitoa mimi, naye angetoka. Nikaiacha kama ilivyo.

Nilimpelekea mama kesho yake mchana, na spika ndogo ndani ya mfuko. Chumba chake ni kile kile cha kupanga chini ya kambi, vikapu ukutani, mkeka, na shuka la machungwa linaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, yakatoka machache.

"Mama, uliniambia niangalie kifua chake. Nilikuwa nasikia. Nilisikia yote, nikakata."

Mama alinyoosha mkono akachukua spika, akailaza mapajani, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Nikabonyeza.

Niliiona pumzi yake mwenyewe ikiingia, moja, ndefu, kifua kikipanda chini ya gauni. Kwenye spika mwanawe akavuta. Akavuta. Akavuta.

"Tatu," alisema mama. Machozi yalikuwa yanamtoka na macho bado ameyafumba. "Hii siku gani?"

"Majuma matatu kabla, Mama."

"Majuma matatu." Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayepima njia kutoka pale alipo mpaka mlango wa hospitali. Chumba kile hakiko mbali na hospitali. Ukitoka mlangoni unaliona paa lake. "Rudisha."

Nikaichukua spika mapajani mwake, nikarudisha mwanzo, nikabonyeza, nikaiweka mkekani. Pumzi ya kwanza, na filimbi. Kiti. Pumzi ya pili. Kwenye ya tatu mama aliinuka. Aliinuka upesi, mtu wa umri ule, akafika mlangoni, akalivuta shuka kutoka msumarini, akalizungusha mgongoni na kulikaza kifuani kwa fundo, mgongo ameuinamisha tayari. Kisha akabaki amesimama hivyo pale mlangoni, mikono nyuma, inapapasa.

"Kaka, bado?" aliuliza mwanawe.

"Bado," nikamjibu kutoka kwenye spika. "Tulia hapo. Usipumue kwenye maiki."